Bayogesi kama biashara: tafuta jiko kwanza, mtambo utafuata

Fundi Kuba

Wakuu salaam.

Hapa jukwaani haipiti wiki bila mtu kuuliza kama kuna pesa kwenye kugeuza taka kuwa nishati. Atajibiwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza atamwambia taka zimejaa kila kona, ni dhahabu imelala tu, changamka. Wa pili atamwambia achana na habari hizo, babu yake alijengewa na mradi mtambo wa bayogesi, ile gesi ya kupikia inayotoka kwenye samadi na taka zinazooza pasipo hewa, leo kuku wanatagia juu ya mtambo huo. Mimi najenga na kukarabati hii mitambo, na ukinilazimisha kuchagua nitakaa upande wa huyu wa pili, kwa sababu yeye angalau amekwenda kuangalia.

Hii kitu si ngeni kwetu. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, walianza kuonyesha bayogesi mwaka 1975. Miaka ya 80 CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini pale Arusha, wakishirikiana na Wajerumani, wakatoa ule mtambo wa kuba la matofali linalofukiwa ardhini. Mwaka 2009 ukaja mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani, ukafundisha mafundi waashi wengi. Ukipita Arumeru, Moshi Vijijini au Rungwe utaikuta hiyo mitambo, na mingine inawaka hadi leo.

Ile iliyolala nimeifukua mingi. Mara chache sana nakuta kuba lina ufa. Ninachokuta ni banda tupu, ng'ombe waliuzwa kulipa ada. Au kijana aliyekuwa anakoroga samadi kila asubuhi kaenda mjini kuendesha bodaboda na hakuna aliyeshika nafasi yake. Au maji yanabebwa kichwani kutoka bondeni, na mama akipima ndoo za mtambo na ndoo za kunywa, mtambo unashindwa. Mradi ulihesabu mitambo iliyojengwa. Hakukuwa na mtu anayepata hasara siku mtambo usipolishwa.

Kwenye biashara huyo mtu lazima awepo. Ndiyo maana mteja akija na wazo la "kuzalisha nishati" namuuliza swali moja: nani anapika kila siku, anapika nini, na leo analipa shilingi ngapi kwa moto huo? Akinijibu hilo, tunaongea. Akianza kunieleza habari za tani za taka za jiji zima, najua bado.

Sasa hesabu, maana najua mtaomba mchanganuo.

Chukua ng'ombe 10 wanaofugwa bandani. Kila mmoja anakupa kama kilo 15 za samadi unayoweza kuizoa, jumla kilo 150 kwa siku. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa lita 35 hivi za gesi. Hapo una mita za ujazo 5 na kidogo kwa siku. Mita moja ya ujazo ya bayogesi inapika sawa na karibu kilo 0.45 za gesi ya mtungi. Kwa hiyo una kilo 2.25 kwa siku, kilo 67 kwa mwezi, sawa na mitungi minne na nusu ya kilo 15. Weka bei ya mtaani kwako. Mimi nikiweka 55,000 napata kama 247,000 kwa mwezi. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Mimi huwa nakata theluthi nzima kabla sijamwambia mteja, kwa ajili ya siku za baridi, siku za uvivu na valvu inayovuja. Inabaki kama 165,000.

Gesi hiyohiyo iingize kwenye jenereta ndogo. Mita moja ya ujazo itakupa uniti moja na nusu, ukibahatika mbili. Kwa siku ni uniti 7 au 8, kwa mwezi 225. Uniti ya TANESCO kwa mtumiaji wa kawaida ni shilingi 350 na ushee. Hiyo ni 79,000 kwa mwezi kabla hujanunua oili, plagi, na kabla injini haijaliwa na ile gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza iliyomo ndani ya bayogesi.

Yaani chini ya sufuria gesi ile ile ina thamani mara tatu kuliko kwenye jenereta. Watu hawapendi kusikia hili kwa sababu umeme una heshima na jiko halina.

Ukubwa wa mtambo: kilo 150 za samadi na lita 150 za maji ni lita 300 kwa siku. Inatakiwa ikae ndani siku kama 50. Zidisha, unapata lita 15,000, yaani mita 15 za ujazo, bado nafasi ya gesi. Hilo ni shimo kubwa, na gharama yake kubwa ni mwamba ukiukuta chini na umbali wa lori la mchanga. Bei ya ujenzi siweki hapa, kila eneo na lake.

Kuna pesa ya pili, ile tope inayotoka upande wa pili. Karibu kiasi kilekile kinachoingia kinatoka, na naitrojeni haijaenda popote. Kilimanjaro watu wengine walijenga mtambo kwa ajili ya migomba, gesi wakaichukulia kama bakshishi. Ila usiiache juani kwenye shimo wazi, naitrojeni inapaa, unabaki na maji meusi.

Karibuni kwa maswali. Wa matusi pia karibuni.

Kijana wa Mabibo

Mkuu, uzi mzuri lakini umetukatisha tamaa sisi wa mjini. Mimi niko hapa Mahakama ya Ndizi, soko la ndizi la Mabibo, Dar. Kila asubuhi maganda, mikungu na ndizi zilizooza zinatupwa bure kabisa, na wenye meza wanalipia ziondolewe. Nikikodi eneo Goba, nikajenga mtambo mkubwa, nikajaza gesi kwenye mitungi na kuuza mtaani, hapo kuna ubaya gani?

Fundi Kuba

Kijana, nimependa kwamba umeiona pesa ya kuondoa taka. Wengi hawaioni, na katika mpango wako hiyo ndiyo pesa ya uhakika kuliko zote. Ishike hiyo. Kwenye mengine tubishane.

Mitungi kwanza. Gesi ya mtungi ya dukani inageuka maji kwa mgandamizo mdogo tu, ndiyo maana kilo 15 zinaingia kwenye chuma unachobeba begani. Methani haifanyi hivyo kwenye joto letu, hata uigandamize vipi inabaki hewa. Mtungi ule wa kilo 15 una ujazo wa lita kama 36. Ukiingiza bayogesi kwa presha mara nane ya hewa ya kawaida, umebeba lita 290. Jiko la kawaida linakula lita 300 hadi 400 kwa saa. Umemuuzia mteja gesi ya kuivisha wali, maharage alale nayo. Ili ibebeke kweli inabidi uichuje kabonidayoksaidi, uondoe ile salfa, kisha uigandamize presha mara 200 kwenye mitungi minene ya chuma. Inafanyika. Kule Kiserian, Kenya, machinjio ya Keekonyokie walijaribu mpaka kuijaza kwenye mipira ya matairi. Lakini hiyo ni biashara ya kompresa na vibali, si ya maganda. Na tafadhali mtu asithubutu kuijaza gereji kwenye mtungi wa gesi wa dukani.

Pili, Goba. Ganda la ndizi ni maji asilimia 80 na zaidi. Canter yako, hilo lori dogo, itakuwa inabeba maji kupanda kilima kila siku, kwa dizeli ya leo.

Tatu, mikungu. Hiyo ni nyuzi tupu, inaelea juu ndani ya mtambo, inatengeneza zulia, gesi inakwama chini. Ikatekate iende kwenye mboji. Maganda na ndizi laini ndiyo chakula kizuri, tena kinatoa gesi nyingi kuliko samadi kwa uzito uleule. Ila mtambo ni tumbo la ng'ombe, ukililisha ndizi mbivu tupu linachachuka. Asidi ikipanda, vijidudu vinavyotengeneza methani vinakufa, na utaona moto unakuwa dhaifu halafu unazima. Anza na samadi tupu mpaka uwake bluu, ndipo uingize maganda kidogokidogo kwa wiki kadhaa.

Ningekuwa wewe ningetafuta mama lishe na wachoma chapati walioko hapohapo sokoni au nyuma yake, mtambo ukae hatua chache kutoka kwenye meza. Bomba la mita 60 linalipa kuliko Canter.

Sina Jina

Hizo ni chai, hadithi tu. Kama biashara inalipa mbona wewe unajengea watu, huna wa kwako?

Fundi Kuba

Swali halali. Ufundi unalipwa leo, gesi inalipwa kidogokidogo kwa miaka, na watoto wanataka kula leo.

Lakini nina ubia na mfugaji mmoja wa nguruwe pembeni ya mji. Majirani walikuwa wanamshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa kila mvua ikinyesha, kwa ile harufu. Mbele ya banda ana baa ya kitimoto. Mtambo uko nyuma ya banda, bomba linapita chini ya ukuta, jiko la kukaangia liko mita chache. Nyama ya kuchoma bado ni ya mkaa, wateja hawataki ya gesi, wanataka moshi. Gesi inachemsha, inakaanga, inapika ndizi na kupasha maji ya kuoshea vyombo. Tope inakwenda kwenye majani ya mabingobingo ya jamaa wa jirani mwenye ng'ombe wa maziwa, yuleyule aliyekuwa anaongoza kesi. Mimi nachukua sehemu ya kile ambacho baa ilikuwa inatoa kwa gesi na mkaa kabla hatujaanza. Tuliandikishana kwa mita ya gesi, si kwa macho.

Ni pesa ndogo. Lakini inaingia hata nikiwa nimelala, na huyo mfugaji hawezi kuacha kulisha mtambo kwa sababu siku akiacha mpishi wake anakuja kumgombeza.

Mama Bweni

Shikamoo fundi, kama umri unaruhusu. Mimi nasimamia shule ya bweni, wanafunzi wapo mia tatu na kitu. Kuni tumeambiwa tuache, maana serikali imekataza kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100. Gesi ya mtungi tumejaribu muhula mmoja, mhasibu karibu alie. Tuna ng'ombe nane wa maziwa na vyoo vya kumwaga maji. Je, vyoo vinaweza kuunganishwa? Na wazazi watasemaje?

Fundi Kuba

Marahaba mama, ingawa pengine tunalingana.

Vyoo vinaunganishwa. Rwanda walifanya kwenye magereza, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali ndiyo iliyojenga, na mwaka 2005 wakapata tuzo ya Ashden, ya Uingereza, ya nishati endelevu. Kuni za jikoni zilipungua karibu nusu. Soma vizuri hapo, *karibu nusu*. Gereza zima lenye maelfu ya watu, na bado kuni hazikuisha. Kwa hiyo mtu akikuambia vyoo vya watoto mia tatu vitapika ugali na maharage ya watoto mia tatu, mwonyeshe geti.

Mtu mmoja hutoa gesi kama lita 20 hadi 30 kwa siku. Watoto wako mia tatu wakiwa bwenini ni mita za ujazo 6 au zaidi kidogo, likizo ni sifuri. Ng'ombe nane watakupa mita 4. Jumla mita 10, sawa na kilo 4.5 za gesi ya mtungi kwa siku. Hiyo inabeba uji wa asubuhi na chai na sehemu ya mboga. Maharage yatahitaji moto mwingine. Yaloweke usiku kucha, utapunguza muda wa kuyachemsha sana, na hilo halikugharimu kitu.

Maji ya kuogea na ya sabuni yasiingie kabisa kwenye mtambo, na watoto wasimwage ndoo nzima chooni kila mara. Maji mengi yanafukuza chakula nje kabla hakijaliwa, na sabuni na dawa za vyoo zinaua vijidudu. Tope ya vyoo usimwagie mchicha. Peleka kwenye miti au majani ya ng'ombe.

Wazazi waite siku ya kikao, washa jiko mbele yao, uwapikie chai. Sijaona mzazi aliyekataa kikombe.

Wa Naivasha

Habari zenu ndugu zetu wa Bongo. Mzee Fundi anadharau stima sana! Huku kwetu shamba la Gorge Farm wamekuwa wakizalisha stima kwa mabaki ya mboga tangu 2015, kama megawati 2.2, na ya ziada inauzwa kwa Kenya Power. Kilifi nako kuna shamba la mkonge na ng'ombe lililofanya hivyo mapema zaidi. Kwa hiyo inawezekana, muache kuwavunja watu moyo.

Halafu kwa mkulima mdogo huku siku hizi watu wanaweka ile mifuko mikubwa ya plastiki ngumu inayolazwa kwa mtaro. Haihitaji mwashi, inafungwa kwa siku moja mbili, na unalipa pole pole.

Fundi Kuba

Karibu sana jirani. Sidharau umeme, nasema ukae mahali pake. Angalia hilo shamba lako. Taka ni yao, inatoka kwenye meza zao za kuchambua mboga, hawainunui na haisafiri. Wana pampu na vyumba vya baridi vinavyokula umeme mchana na usiku. Joto la injini nalo lina kazi shambani. Wanachouza kwenye gridi ni kilichobaki. Hapo hata mimi ningeweka injini.

Sisi nasi tuna Hale, Korogwe. Kampuni ya mkonge ya Katani pamoja na UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, walijenga mtambo wa umeme wa mabaki ya mkonge, ukazinduliwa 2008 kwa kuanzia na kilowati 150. Aliyewahi kusimama karibu na mashine ya korona, ile inayokwangua majani ya mkonge kutoa nyuzi, anaelewa kwa nini. Jani linaingia, nyuzi zinatoka upande mmoja, na upande mwingine unatoka mto wa kijani unaonuka. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani. Kabla ya hapo mto ule ulikuwa unaelekezwa kwenye mabwawa na vijito. Tena mashine za korona zenyewe zinahitaji umeme, hapohapo, muda uleule ambao taka inazalishwa. Huwezi kuomba mpangilio mzuri kuliko huo.

Mifuko ni mizuri, siikatai eti kwa sababu mimi nakula kwa kujenga makuba. Inawahi kupata joto la jua na gesi inaanza mapema. Izungushie uzio tu. Mbuzi mmoja mwenye kwato kali anamaliza mkopo wako.

Mzee wa Pumba

Naomba kuingilia. Mimi niko Mbarali, mashine za kukoboa mpunga zimezungukwa na milima ya pumba, zinachomwa moto tu. Zinafaa kwenye huo mtambo?

Fundi Kuba

Hazifai mzee wangu. Pumba za mpunga ni ngumu, zina silika nyingi, zitaingia na kutoka vilevile au zitaziba. Kanuni yangu ni rahisi: taka mbichi inayooza kwenda kwenye gesi, taka kavu kwenda kwenye mkaa. Maranda, vifuu vya nazi, pumba, mabunzi, hivyo vichomwe bila hewa kwenye pipa, visagwe, vichanganywe na uji wa muhogo, vishindiliwe, vikaushwe. Pumba peke yake zina majivu mengi, mkaa wake una joto dogo, changanya na vumbi la mkaa wa kawaida au vifuu. Tafuta mteja kwa makini: muuza chips anataka moto wa haraka, atakurudishia. Anayechemsha maharage na makongoro kutwa nzima atakupenda.

Na mtu asichanganye mambo, ule mkaa mbadala wa STAMICO, shirika la madini la taifa, unaouzwa madukani ni wa makaa ya mawe, si wa taka. Ni biashara nyingine na mitaji mingine.

Kijana wa Mabibo

Fundi nimekuelewa kuhusu Goba. Vipi vibali?

Fundi Kuba

Jiko la mama lishe na mtambo mdogo, malizana na uongozi wa soko na afisa afya wa manispaa, wao ndio wenye eneo na ndio wenye taka. Andikishaneni, maana siku taka ikionekana ina thamani kila mtu atakumbuka kwamba ni yake. Ukianza kufunga tope kwenye mifuko na kuiita mbolea yenye jina, TFRA, mamlaka ya mbolea, wanahusika. Mradi mkubwa, NEMC, baraza la mazingira. Umeme chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya kuzalisha, unajisajili EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, lakini faida ya umeme tulishaisema.

La usalama sijalisema na lilitakiwa kuwa juu kabisa. Mtu asiingie ndani ya mtambo uliowahi kufanya kazi, hata kama umekaa miaka bila kulishwa, hata kama ni kuokota ndoo. Ile gesi ya yai viza ikiwa nyingi inaua pua kwanza, husikii harufu tena, halafu unaanguka, na anayekufuata kukuokoa naye anaanguka. Uvujaji tafuta kwa povu la sabuni, usitafute kwa kiberiti. Methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ndani ya chumba, cheche ya swichi inatosha.

Mama Bweni

Fundi, nimeongea na mkuu wa shule, amekubali uje kuangalia. Tuandae nini?

Fundi Kuba

Nauli baadaye mama, sitakuja kwanza. Kwa siku tatu mfululizo, mwambie mlisha ng'ombe azoe samadi yote kwenye kiroba, apime kwa mizani ya stoo, aandike. Asikadirie. Siku hizohizo mpishi naye aandike kila sufuria: saa iliyowekwa motoni, saa iliyotolewa, imepika nini. Uliza bombani maji yanakatika siku ngapi kwa wiki. Pima kwa hatua umbali wa banda hadi jikoni. Ukishapata hivyo vinne, niwekee hapahapa kila mtu aone, tupige hesabu pamoja. Picha za eneo zisubiri.